Kimbunga kilifuta njia ya mama yangu asiyeona: bustani yetu na kosa la mifuko ya salfa

Wakuu, nawasalimu kutoka huku juu Newala. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kwa miaka nimekuwa msomaji wa kimya humu. Nasoma nyuzi za kilimo, nacheka kwenye nyuzi za ndoa, naondoka zangu. Leo naandika kwa sababu msimu wa vimbunga unakaribia tena na nimeona watu wanaulizana namna ya kulinda bustani za nyumbani. Majibu mengi niliyosoma yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuona upepo unang'oa mgomba na kuulaza uani kwa jirani.

Haya yametokea nyumbani kwetu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa, chumvi sijatia.

Halafu mimi ni mwanamke, fundi cherehani. Wale wa "tupia picha yako" mkae kwa kutulia, uzi huu ni serious.

Naishi na mama yangu mzazi Chilangala.

Kwa wasiotujua: kwetu ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba, yaani kaka yake mama, ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye mambo ya dada yake na watoto wa dada yake. Baba anaweza kuwa na nyumba ya bati, pikipiki na kitambi, lakini mjomba akisema kaa chini, unakaa. Mtaona kwa nini nalisema hili mapema.

Mama haoni. Presha ya macho ilimchukua taratibu, ikaanza na pembeni, ikaja katikati. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa kilichokwenda hakirudi.

Lakini msimwone kama mtu wa kukokotwa mkono. Hapana.

Nyuma ya nyumba ana bustani yake, na ile bustani ndiyo iliyokuwa macho yake. Alipoanza kuona giza alikuwa anapanda vitu tusivyovielewa. Mchaichai anauweka mlangoni kabisa, unakwaruza miguu ya kila anayetoka. Mbaazi anazipanga mstari mmoja mrefu badala ya kuzitawanya shambani kama watu wengine. Tukadhani ni mambo ya uzee.

Kumbe alikuwa anajitengenezea njia.

Akitoka mlango wa nyuma anaugusa mchaichai kwa mguu, anajua ameshika njia. Anapeleka mkono wa kulia kwenye mbaazi, anakwenda nazo tawi kwa tawi hadi mkono unapokutana na mpapai. Hapo kwenye mpapai anachagua. Kushoto ni jikoni, kulia ni chooni, mbele ni matuta ya matembele na mchicha, na baada ya hapo tanki la maji ya mvua na migomba. Anachuma mboga kwa vidole na hakosei. Mgeni akija anaweza kula akaondoka bila kujua kwamba aliyempikia haoni.

Niliwahi kumfungia kamba kutoka mlangoni hadi chooni, nikaona nimebuni jambo. Nilirudi kutoka dukani nikakuta ameifungua, amemfungia mbuzi.

Sasa twende kwenye kimbunga chenyewe.

Tangazo lilikuja redioni na kwenye simu, kwamba kuna kimbunga upande wa Msumbiji na kinaweza kutufikia. Huku ilikuwa mwisho mwisho wa masika, ardhi imeshiba maji. Kaka yangu Hamisi, anayeuza vipuri vya pikipiki Masasi mjini, alipanda siku hiyohiyo kuja kutusaidia. Hili naliandika makusudi, kwa sababu huko mbele mtataka kumchukia Hamisi. Msimchukie. Angeweza kukaa dukani kwake.

Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni akatupangia kazi.

Migomba alitwambia tuikate majani, tuache shina na jani la katikati tu, upepo ukose pa kushika. Mihogo tukaikata vichwa. Yale mashina tuliyokata hatukuyatupa, tuliyafunga mafungu, tukayasimamisha kwenye kivuli cha mkorosho na kuyafukia miguu, ndiyo mbegu ya kesho. Mbaazi kavu za mbegu na kunde tukazichanganya na majivu, tukazijaza kwenye galoni na kufunga vizuri. Tanki tukaliacha lijae mpaka juu, maana tanki tupu linaondoka na upepo.

Hayo yote yalifanya kazi. Mwenye bustani ayachukue.

Shida ilikuwa maji. Nyumba yetu iko chini kidogo ya barabara, mvua kubwa ikinyesha maji ya barabarani yanataka kupita katikati ya bustani. Tulitaka kitu kizito cha kuyazuia, na magunia ya kujaza mchanga hatukuwa nayo ya kutosha.

Stoo kulikuwa na salfa.

Kwa wageni wa korosho, salfa ni ule unga wa njano tunaopuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kila nyumba huku ina mifuko iliyobaki. Ya kwetu ilikuwa imepigwa na unyevu, imeganda mabonge, haipuliziki tena. Mizito kama mawe.

Hamisi akasema, "Si hii hapa? Haina kazi, na maji hayaibebi."

Nami nikaona ni akili. Tukaibeba pamoja, tukaipanga safu upande wa juu wa bustani, ubavuni mwa mbaazi hadi karibu na mpapai. Majirani wakatuona, nao wakatoa ya kwao. Nadhani huwezi kulikuta kosa hili mahali pengine Tanzania zaidi ya huku kwetu, kwa sababu ni huku tu mtu anaweza kukosa magunia ya kujaza mchanga lakini akawa na ukuta mzima wa salfa.

Upepo uliingia asubuhi, watu wako macho, chai iko mezani.

Sitaki kuueleza sana. Bati la jikoni lilikwenda. Mkorosho mkubwa wa jirani ulilala juu ya choo chake. Mvua haikuwa inashuka, ilikuwa inakuja kwa ubavu, inaingia hadi kitandani. Mama alikaa katikati ya chumba ameshika tasbihi, kila kinapovunjika kitu nje anakitaja. "Hiyo mbaazi." "Huo mpapai sasa." Hamisi alikuwa anambishia, anamwambia ni matawi tu Mama.

Tulipofungua mlango wa nyuma, alikuwa amepatia vyote.

Maji ya barabarani yalikuwa yameivunja ile safu ya mifuko na kupita katikati. Mbaazi zote zimelala, nyingi ziko nje na mizizi yake. Mpapai umekatika. Matembele yamefunikwa na mchanga, na pembeni maji yamechimba korongo ambalo mtu anaweza kuzama hadi magotini. Mifuko imepasuka, na juu ya udongo kuna unjano umetapakaa, mvua ikaendelea kuupiga mpaka ukapotea machoni. Tulikuwa tunahangaika na bati. Hakuna aliyeuwazia.

Mama akaja mlangoni. Akatoa mguu kutafuta mchaichai. Mchaichai ulikuwa chini ya mchanga.

Akatafuta tena, kushoto, kulia. Halafu akaurudisha mguu ndani, akageuka, akaenda kukaa kitandani. Wakuu, nimeshafiwa, nimeshaachwa na mume, lakini ule mguu ukirudi ndani ni kitu nisichokisahau mpaka leo.

Kuanzia hapo kwenda chooni akawa ananisubiri mimi. Kupika akaacha. Akawa mtu wa kuuliza, "Upo?" Na kama sipo, anakaa palepale nilipomwacha.

Nilipanda upya harakaharaka na mvua za mwisho. Kunde, mchicha, na miche ya mbaazi niliyopewa na jirani yangu Mama Zuhura. Ikashika kidogo, ikageuka njano, ikafa. Nikalaumu jua. Kwetu mvua ikishakata imekata, maji ni ya kuhesabu kwa kata ya kuchotea, huwezi kumwagilia bustani nzima huku watu wanataka kunywa. Nikasema basi, tungoje mvua nyingine.

Katikati ya kiangazi Mama alianguka.

Nilikuwa dukani naweka zipu kwenye suruali ya mtu. Mama alishikwa na haja akaona aibu kungoja. Akatoka peke yake, mkono hauna pa kushika, akaenda moja kwa moja kwenye lile korongo. Mama Zuhura ndiye aliyemsikia. Mkono wa kushoto ulivunjika kwenye kifundo.

Hamisi akapiga simu akiwa analia. Akasema imetosha, anamchukua Mama akakae kwake Masasi, kuna chumba, choo kiko ndani, mkewe hana shida. Na kwa haki yote mkewe ni mtu mzuri sana.

Mama akasema haendi.

Hamisi akasema anakwenda.

Ndipo mjomba akaitwa. Anaishi Chiungutwa, alikuja juu ya bodaboda na koti lake lile la kikaoni. Tukakaa barazani. Hamisi akaeleza, mimi nikaeleza, nikajitetea kwamba mvua zikirudi nitaisimamisha bustani na Mama atarudi kutembea. Hamisi akaniuliza, "Na kama akianguka tena, safari hii kichwa?"

Mjomba akamgeukia Mama. "Dada, wewe wasemaje?"

Mama akasema, "Huko Masasi nitakuwa nnzigo. Hapa bado mimi ni ntu."

Mjomba akasema hivi: tungoje mvua, tupande. Mbaazi zikichanua, yeye na Hamisi watakuja. Wakimkuta Mama anakwenda mwenyewe, atabaki. Wakimkuta bado anashikwa mkono, ataondoka nao siku hiyohiyo, na asiwepo wa kulia.

Hakuna aliyebisha. Mjomba ameshasema.

Kwa hiyo mvua za kwanza tu zilipodondoka, nilikuwa bustanini na jembe. Lile korongo nililifukia kwa matawi na mchanga hadi mgongo ukakataa. Nikapanda mbaazi mstari uleule, mchicha, kunde katikati. Zikaota vizuri. Nikapata moyo.

Halafu zikaanza kuwa njano.

Safari hii mvua ilikuwepo, kwa hiyo jua halikuwa na kesi. Nikafikiria wadudu, nikapulizia majivu yaliyochanganywa na pilipili. Nikafikiria mchwa. Nikauliza humuhumu kwa jina lingine, mara hiyo moja tu, kuna mtu akanijibu nipunguze mbolea wakati mbolea yenyewe sikuwa nayo. Majani yakakunjamana, miche ikadumaa, ikaanza kufa mmoja mmoja kutoka upande wa juu wa bustani kwenda chini.

Katika siku hizo, asubuhi moja baada ya mvua, Mama alikuwa amekaa mlangoni na mkono wake uliopona vibaya. Akaniuliza, "Mnapuliza nkorosho mwezi huu?"

Nikamwambia hapana Mama, huu si msimu wa kupuliza, mikorosho ilishavunwa.

"Mbona nasikia salfa."

Nikamwambia labda ni moshi. Kesho yake akauliza tena. Kesho kutwa tena.

Wakuu, nilishikwa na hofu. Mwenye wazazi wazee anaijua hofu hii. Mtu akianza kuchanganya miezi, unajua kinachofuata. Nikamtumia Hamisi voice note, nikamwambia Mama anasikia harufu ya Julai, ya msimu wa kupuliza, wakati tuko kwenye mvua. Hamisi akanipigia. Akasema, "Dada, akili inamwacha sasa. Usisubiri mbaazi."

Usiku ule nilikata tamaa, nasema kweli. Nikaanza kupanga nguo zake zipi ziende Masasi.

Asubuhi nikaenda kung'oa ile miche iliyokufa, angalau bustani isinicheke. Kwenye mstari wa mbaazi jembe likagota kitu. Nikadhani ni jiwe, na huku kwetu mawe hakuna. Nikakivuta, kikapasuka mkononi.

Bonge la salfa. Njano, mbichi, linanuka.

Nikachimba pembeni, jingine. Nikafuata ule mstari wa miche iliyokufa, ni palepale maji yalipoisambaza mifuko yetu. Mchanga wa kimbunga uliifunika, tukapanda juu yake mara mbili.

Nilikwenda na lile bonge hadi kwa Mama nikamwekea kiganjani. Akalivuta puani, akaligeuza.

"Sikuwa naota," akasema.

Nikamwambia hukuwa unaota, Mama. Nikampigia Hamisi, nikamwambia kwanza afute ile kauli yake ya akili, halafu ndiyo nimweleze. Akaifuta, nikamweleza. Akasema, "Ni mimi niliyeitoa stoo." Nikamwambia tuliibeba wote.

Nilimwita bwana shamba, akaja na pikipiki yake, akashika ule udongo. Akasema salfa ikikaa kwenye udongo wenye unyevu inaufanya uwe mkali, tindikali, na kwenye mchanga wetu inafanya kazi upesi. Mbaazi, kunde na mchicha haviwezi. Mihogo na mananasi vinavumilia. Akasema tuchote udongo wote wenye mabonge, tuupeleke mbali na mazao, halafu tutie chokaa ya kilimo. Chokaa haikuwepo madukani. Akasema basi majivu ya kuni, mengi, na samadi, tuchanganye vizuri na mvua inyeshee.

Majivu mengi unayatoa wapi? Jiko langu moja linatoa kopo, na huku majivu si takataka. Ndiyo tunayohifadhia mbegu, ndiyo tunayomwaga chooni.

Nilikwenda kwa Mama Zuhura kuomba ya kwake. Akaniuliza ya nini, nikamweleza. Akaita wenzake wawili pale njiani. Kufikia jioni uani kwetu kulikuwa na ndoo, masufuria yaliyotoboka, hata beseni la mtoto, vyote vimejaa majivu. Wengine walikuja wamekunja uso, maana nao walikuwa na safu zao za salfa na mboga zao zilikuwa zinakufa bila kujua kwa nini. Tukaanza kwetu, tukaenda kwa Mama Zuhura, tukaenda kwa wengine. Tulichota udongo kwa karai tukaumwaga kwenye shimo la zamani la matofali, mbali na mashamba.

Mama alitaka kushiriki. Tukamkalisha chini kwenye mstari wake, akawa anachambua udongo kwa vidole. Kila akigusa bonge, hata dogo kama punje ya hindi, analirusha kwenye ndoo. Palipopita mkono wake hatukurudia.

Nikapanda tena, nimechelewa. Mbegu ni zilezile za kwenye galoni. Yale mashina ya mihogo tuliyoyafukia kivulini yalikuwa yameshachipua tangu zamani, nikayaweka pale palipokuwa pakali zaidi. Mchaichai nikapewa shina na mtu ambaye Mama alimpa yeye shina miaka ya nyuma. Mpapai nikaotesha mpya, matembele nikayarudishia matuta yake.

Na zamu hii majani yalitoka ya kijani, yakabaki ya kijani.

Mngedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha, kwa sababu Mama hakutaka kutoka.

Tulitembea naye kila siku, ameshika bega langu. Nikaupeleka mkono wake kwenye mbaazi, akazigusa, akasema ni nzuri. Lakini nikitoa bega anasimama palepale. Kuanguka kule kulimwingia mwilini. Nilimsihi, nikamtania, siku moja nikamfokea na nikajuta. Akaniambia, "Mimea ni mipya. Haijanizoea."

Mbaazi zikaanza kuchanua. Mimi niliyekuwa nikiziombea zichanue, nikawa nikiyaona maua ya njano nachukia.

Walikuja asubuhi na gari la kukodi, Hamisi na mjomba. Godoro lilikuwa tayari limekunjwa nyuma ya gari ili Mama alale vizuri njiani. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Hamisi hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda, alikuwa hanitazami.

Mjomba akasema, "Dada, tumekuja."

Mama akasema, "Nimewasikia toka barabarani. Kaeni, niwapikie matembele."

Akasimama. Nikamwahi, nikamshika.

"Niache nkono," akasema.

Nikamwachia. Akatoa mguu, ukakutana na mchaichai. Akapeleka mkono wa kulia, akapata mbaazi. Akaanza kwenda, polepole, tawi, tawi, maua yanamdondokea begani. Sisi watatu tumesimama mlangoni.

Mbaazi zikaisha. Mkono wake ukaenda mbele kutafuta mpapai pale ulipokuwa siku zote, kwenye urefu wa kifua.

Pakawa hewa tupu. Mpapai wangu ulikuwa mdogo bado, haujafika kiunoni.

Akasimama. Mkono uko mbele, vidole vinafunguka na kujifunga. Hamisi akavuta mguu kumwendea, mjomba akamshika shati. Mimi nilitaka kupiga kelele nimwambie chini Mama, chini.

Mama akainama. Akaushusha mkono polepole hewani, ukapita kiuno, ukapita paja, mpaka ukagusa jani. Akalishika, akalipapasa hadi kwenye shina, akalibana kidogo kama mtu anayebana shavu la mtoto. Halafu akanyooka, akaenda mbele kwenye matembele.

Nililia ndani ya khanga yangu. Mjomba alikwenda kukaa barazani, akavua koti.

Tulikula matembele na ugali wa muhogo, alivyopika yeye, chumvi imekolea kama zamani. Hakuna aliyelitaja lile suala. Mjomba alinawa, akamwambia Hamisi, "Washa gari, nikawahi mbuzi wangu."

Kabla ya kuondoka Hamisi aliingia stoo. Akatoa mifuko yote ya salfa iliyoganda iliyobaki, akaipakia nyuma ya gari, palepale godoro lilipokuwa. Godoro akamwachia Mama.

Basi wakuu, ndiyo hivyo.

Mafunzo ninayo, ila msiyategemee kwa mpangilio. Ukiwa unajikinga na kimbunga, usichukue tu kitu kwa sababu ni kizito na kiko karibu. Fikiria kikipasuka kitamwagika wapi. Salfa, mbolea, dawa za mifugo, vyote viinue juu ndani ya nyumba, bustanini visikaribie. Magunia ya mchanga yashone mapema, mimi mwaka huu nimeshona mengi kwa mabaki ya vitambaa dukani, ni kazi ya kuchekwa lakini yapo. Mimea ikifa mara mbili mahali palepale, acha kulaumu mbingu, chimba. Na kama umeshafanya kosa kama letu, majivu yanasaidia, ila ni taratibu, na mihogo isikudanganye kwa kustawi ukadhani udongo umepona.

Jingine ni hili. Mzazi wako mzee akikwambia anasikia harufu, anasikia kelele, kuna kitu hakiko sawa, nenda kaangalie kwanza. Ukirudi ndiyo useme amechanganyikiwa. Mimi na kaka yangu tulianza na la pili, na kidogo tumpakie Mama kwenye gari akiwa na akili zake zote.

Wa Tandahimba, Nanyumbu, Lindi na kote mnakopigwa na hizi pepo, nielezeni ninyi mnazuia vipi maji ya barabarani. Na mwenye kujua ni mti gani wa kupanda ukuta wa kupunguza upepo kwenye mchanga huu, bila kunyonya maji ya mboga, aniandikie hapa au PM. Mnaotaka kuniponda kuhusu salfa, karibuni pia, nimeshazoea.

Nitachelewa kujibu kidogo, network yetu mnaijua. Naandika nikiwa barazani, bado asubuhi. Mama hayupo ndani, na sijainuka kwenda kumtafuta.